Jumapili Zangu kwa Wapolandi

Jumapili, 24 Novemba

Nimetoka klabu ya Wapolandi. Pierogi, zile sambusa zao za kuchemsha, leo zilikuwa mbovu. Unga mzito, viazi vya ndani havina chumvi. Nilikula tu. Nilikula nyingi kwa makusudi, kwa sababu Marek alikuwa ananitazama.

Marek ndiye mwenyekiti mpya. Ana miezi minne Nairobi. Aliniuliza kwa Kiingereza, mbele ya meza nzima, mimi ni yaya wa nani. Nikamjibu kwa Kipolandi kwamba nimekuja kula, kama yeye. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye akanifuata kwenye chai, mpole sana. Klabu ni ya Wapolandi na familia zao. Wengine wanakuja na mwenyeji, na jina linaandikwa kwenye orodha ya getini. Mwenyeji wangu alikuwa Padri wao mzee. Padri alirudi kwao Agosti, magoti yamemkataa, harudi tena. Kwa hivyo sina mwenyeji. Nimeishi Nairobi miaka yote hii na leo naambiwa sina mwenyeji.

Nimerudi Kawangware kwa miguu. Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Jumatatu, 25 Novemba

Rafiki yangu Zuhura amekuja kutoka Kibera kuchukua mapazia niliyomshonea. Nikamwambia. Akacheka kwanza, halafu akaona sicheki.

"Nekesa, hao watu hawakutaki. Na chakula chenyewe hakina hata pilipili. Unafuata nini?"

Nimeshindwa kumweleza. Acha nijieleze hapa.

Nilienda Łódź, Polandi, nikiwa na miaka kumi na tisa, kusomea ufumaji wa nguo. Nilikaa miaka mitano. Nilibishana na walimu kwa lugha ile. Nilipendwa kwa lugha ile, na nikaachwa kwa lugha ile. Nikarudi na digrii, nikaingia kiwandani. Mitumba ikajaa, kiwanda kikafungwa, nikanunua cherehani nikafungua kibanda hapa Kawangware, stendi ya 46. Hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia hata habari ya asubuhi kwa Kipolandi. Watoto wangu wakinisikia nikijisemea wanadhani nasali.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa muda wa saa mbili tu, naongea. Kuna Nekesa mwingine anaishi huko ndani, msichana mwenye mdomo mrefu, anayejua kutania. Kiswahili changu hakimjui. Marek anataka kumfungia mlango.

Sitakubali.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimemwandikia barua. Kwa Kipolandi, kwa mkono kwanza. Nimeharibu karatasi tatu. Maneno yapo lakini miisho yake imenitoka. Sikukumbuka kama ni hivi au vile. Nimeona aibu, hata kuliko siku ile ya yaya.

Nimeituma kwa simu na makosa yake. Nimemwambia mimi ni nani, nimesoma wapi, na kwamba nimekuwa nikija hapo miaka mingi kabla yake.

Jumanne, 3 Desemba

Amejibu. Kwa Kiingereza. Mistari minne. Anashukuru kwa kupenda utamaduni wao. Kanuni ni kanuni.

Nimemwandikia kwa lugha yake na yeye anaikimbia! Kama ananikataa, anikatae kwa Kipolandi.

Nimeunguza suruali ya mteja kwa pasi. Nitamshonea nyingine.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeshinda Kibera, Makina, nyumbani kwa Zuhura. Mpwa wake anaolewa, nimeenda kuwapima wanawake nguo. Walikuwa wengi, kelele, gurusa, zile chapati laini za Wanubi kama Zuhura, zikitoka moto kwenye kikaango moja moja. Nimekula nikashiba. Nikaanza tena hadithi ya Marek. Zuhura akanikata.

"Wewe umelia wiki mbili. Mimi nilifuata kitambulisho miaka. Kila nikienda wananiuliza, babu yako alitoka wapi? Babu amezikwa hapo juu, nikawaonyesha kwa kidole. Bado."

"Ukafanya nini?"

"Nilienda nikakaa kwa benchi yao. Kila wiki. Mpaka wakachoka na uso wangu. Uso unao. Enda ukakae."

Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ni mimi naolewa.

Nikiwa njiani kurudi nikakumbuka kitu. Krismasi yangu ya kwanza Łódź. Bweni lilikuwa tupu, wenzangu wote wameenda kwao. Nikagonga mlango wa bibi mmoja wa orofa ya chini, nikitaka kiberiti tu. Akanivuta ndani. Mezani walikuwa watu watano na sahani sita. Ile ya sita huwekwa kila mwaka, kila nyumba, kwa mgeni ambaye hakutarajiwa. Akija, haulizwi jina. Anakula.

Klabu wana karamu yao ya Krismasi tarehe 15. Sahani hiyo lazima waiweke. Wasipoiweka, basi hao si Wapolandi.

Nimecheka peke yangu barabarani. Mtu akanipisha njia.

Jumapili, 15 Desemba

Niandike yote kabla hayajapoa.

Nilivaa gauni la buluu, nimelishona wiki hii, kola nyeupe. Saa kumi nikafika getini. Mlinzi ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma kama mimi. Akashika orodha yake, akatafuta, akatafuta tena upande wa pili ambao hauna kitu.

"Mama, jina lako haliko."

"Najua. Naingia."

Akaniangalia. Akaangalia orodha. Halafu akageuka akaanza kunyoosha kamba ya bendera ambayo haikuwa imepinda. Nikapita.

Meza ndefu, kitambaa cheupe, nyasi kavu chini yake kama desturi. Watu wanatafuta viti. Mwisho wa meza, kiti kitupu, sahani safi, kijiko. Nikaketi. Juu ya meza mikono ilitulia, asante cherehani.

Marek akaja haraka. Akainama, akaanza kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kipolandi, sauti ya kusikika.

"Sahani hii ni ya nani?"

Watu wa karibu wakageuka. Marek akajibu kwa Kipolandi, mara yake ya kwanza kuongea nami hivyo.

"Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Ambaye hatarajiwi."

"Ulinitarajia?"

"Hapana."

"Basi niletee supu."

Mzee mmoja mwenye fimbo alipiga meza kwa kiganja na kucheka mpaka akakohoa. Supu ya bitiruti ikaja, nyekundu, moto. Lakini kwanza ukapitishwa ule mkate mwembamba kama wa komunyo. Unavunja kipande cha mwenzako, naye anavunja chako, mnatakiana heri. Na unavunja na kila mtu, huruki mtu.

Marek aliniacha wa mwisho. Alikuja, masikio mekundu. Akavunja changu.

"Nakutakia afya," akasema.

Nikavunja chake.

"Nami nakutakia orodha ndefu."

Nilikula vyote. Samaki wa chumvi, kabichi chachu, pierogi za uyoga, safari hii nzuri. Nilitania na yule mzee wa fimbo. Miisho ya maneno ilirudi yenyewe, na ambayo haikurudi hakuna aliyeidai.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimechoka. Sijutii hata kidogo.

Zuhura alipiga simu kuuliza. Nikamwambia nilikaa. Akasema, "Haya," akaendelea na habari za harusi.

Jumamosi, 4 Januari

Mvua ya ghafla mchana, ikaisha.

Mke wa Marek amenitumia fomu. Wametengeneza kundi jipya linaloitwa Marafiki wa Klabu. Rafiki anaruhusiwa kuja na kula. Hapigi kura, na jina lake linawekwa chini kabisa ya orodha, baada ya mstari. Ujumbe wake ameuandika kwa Kipolandi, vizuri, na ameniomba nimfundishe kushona. Nadhani ana nia njema. Simchukii.

Nimeichapisha pale kwa duka la sinema na fotokopi. Nimelikata neno rafiki kwa kalamu, mara moja tu, nikaandika juu yake mwanachama. Nikatia sahihi kwa jina langu lote. Mchana nikaenda nikampa Mzee Barasa mkononi. Akaisoma yote, polepole, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Sijui watasema nini. Sijaketi kungoja. Shule zinafunguliwa Jumatatu na nina sketi tisa za kupiga pindo. Nimefungua mlango wa kibanda wote, mwanga uingie.