Silinda ya Tatu

Baba Nyangeta, ndugu yangu,

Ile bloku ya injini ya gari lako la Pijo imeshatoka kwangu. Nimeona nikuandikie mwenyewe.

Ulipotuacha ilibaki pembeni ya mashine yangu ya kuchonga injini hapa Musoma, imefunikwa gunia. Nilikuwa naipita tu. Sikuweza kuigusa. Halafu wiki moja baada ya Pasaka akaja Nyangeta. Unamjua binti yako, hazungukagi maneno. Akanisalimia, akaweka mezani boksi la pistoni mpya, akasema, "Baba mdogo, Mama anataka gari liwake. Anasema uani kumekuwa kimya mno." Pistoni hizo alizitafuta miezi minne, kati ya vipindi vya hesabu anavyofundisha shuleni, mpaka akazipata Mwanza kwa mzee mmoja aliyekuwa amezisahau stoo.

Nikazichonga silinda zote nne zipokee zile pistoni. Nilimaliza kwa siku moja, nakuwaza wewe muda wote.

Akaja Marwa, fundi aliyeshika gereji yako pale Bunda, kuichukua bloku. Akapitisha kiganja juu yake mara moja, akainama kuinyanyua. Nikamuuliza, "Hupimi?" Akacheka. "Mzee Masatu, nani akupime wewe?"

Alisema kwa heshima, wala hakuwa na ubaya. Lakini neno lile liliniingia. Wewe ulikuwaga ukifika, hata chai hunywi kwanza. Unakunja mikono ya shati, unatoa kipimo chako kwenye soksi kuukuu, unapima kila silinda juu, katikati na chini, halafu unageuka upande wa pili unapima tena. Ukimaliza unapitisha waya kwenye matundu ya oili, kutafuta unga wa chuma niliousahau. Na ulikuwa unaupata! Nilikuwaga nakasirika, nasema moyoni, huyu ananiona mimi mwizi.

Nikamwambia Marwa aiache, arudi kesho. Nikaiosha, nikaacha chuma kipoe, na asubuhi nikaipima kwa mtindo wako. Ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, chini imepanuka kuliko juu.

Si sana. Nikapima tena nikitumaini ni macho yamenidanganya. Hayakuwa macho. Ingewaka, ingetembea labda mwaka, ndipo ianze kula oili na kutoa moshi. Wangesema ni uzee wa gari. Hakuna ambaye angejua kwamba ni mkono wangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukwambia ukiwa hai. Unakumbuka silinda hedi ya lile lori la pamba, kifuniko cha injini ulichoniletea nikinyooshe? Uliilaza rula ya chuma juu yake, ukaweka tochi nyuma, ukaniita nione mwanga unavyopenya. Nikakutukana mbele ya wateja. Nikakwambia kama huniamini, hamia kwa mafundi wa Mwanza. Ukaondoka, na wiki tatu hukukanyaga kwangu. Ndugu yangu, mimi nilijua. Niliiona haijanyooka kabla hujafika, nikaona uvivu kuirudia. Nilikuja kuisawazisha baadaye nikakutumia Bunda kwa gari la mizigo, na uliporudi ukaniuliza habari za watoto kama vile hakuna kilichotokea. Nilisubiri siku nzuri ya kukuomba radhi. Nikasubiri mpaka tukakuzika Butiama.

Nisamehe.

Basi safari hii sikunyamaza. Nikampigia Nyangeta. Nikamwambia nimekosea, silinda zote itabidi zipanuliwe tena zilingane, na zile pistoni zake hazitafaa. Kisha akauliza, "Baba angeirudisha?"

Nikasema, "Angeirudisha."

"Basi nitatafuta nyingine."

Alizipata kwenye mwezi wa nane. Nikachonga taratibu, silinda moja kwa siku, nikiona mkono umechoka naacha. Jumamosi akaja mwenyewe na kipimo chako. Sikujua kama anajua kukitumia. Kumbe ulimfundisha alipokuwa akikushikia taa! Alikunja mikono ya blauzi, akapima juu, katikati, chini, akageuka upande wa pili. Mimi nimesimama nyuma, mikono inanitoka jasho kama mtahiniwa. Alipofika ya tatu akapima mara mbili.

"Imekaa vizuri, baba mdogo," akasema, akaanza kutafuta waya.

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya karakana nikalia, Baba Nyangeta, kilio ambacho sikukilia hata msibani. Kwa sababu kwa dakika zile chache ulikuwepo. Halafu nikarudi ndani, na ni yeye tu.

Marwa aliifunga injini nyumbani kwako Butiama. Iliwaka mara ya pili. Mama Nyangeta alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akaja akafungua mlango wa kushoto, upande wake wa siku zote, akakaa. Hakusema twende wapi. Tulimwacha akae, injini inanguruma, mpaka alipotaka mwenyewe kushuka. Ndipo nikaja pale ulipolala nikakwambia kwa mdomo haya ninayoyaandika, lakini upepo ulikuwa mkali na sauti ilinikatika.

Ikishatembea kilomita za mwanzo nitakuja kumwaga oili ya kwanza na kukaza boliti za hedi. Sitamtuma mtu, nitakuja mwenyewe. Nitaitazama ile oili kwenye kiganja, na kama ni safi, sijui nitamwonyesha nani.

Pumzika, ndugu yangu. Hapa karakanani kila gari likisimama mlangoni bado nageuka kutazama.

Ni mimi,
Masatu, Kamunyonge, Musoma