Maji Chini ya Zulia

Jumatano, Kilindoni.

Mvua imepiga tangu alfajiri na sasa imechoka, inadondoka moja moja tu. Mimi pia nimechoka, lakini ni ule uchovu mtamu unaomfanya mtu asitake kuinuka kitini. Leo nimejua maji yanatoka wapi.

Tangu masika yaanze, kila asubuhi nikifungua gari la hospitali ninaloliendesha nakuta zulia limelowa chepechepe. Nalitoa, nalikamua, nalianika juu ya boneti, kesho yake yale yale. Gari limeanza kunuka uvundo. Juzi tulikwenda kumchukua mama mjamzito kule Kanga, tukamlaza nyuma kwenye godoro, na godoro likayanyonya yale maji. Alifika hospitali akitetemeka. Alijifungua salama, alhamdulillahi, lakini Sista hakunificha neno. "Ndugu Dereva," alisema, "wagonjwa hatuwatoi kwenye maradhi tukawatia kwenye maji."

Niliona aibu sana.

Kwanza niliishuku rejeta. Nikachovya kidole nikaonja: si kutu wala chumvi, ni maji ya mvua matupu. Nikaishuku raba ya kioo cha mbele. Mke wangu Mwanahawa akamwagia kioo ndoo kwa ndoo, na mimi nimejikunja ndani na tochi. Hata tone. Mwanahawa akasema labda gari linalilia barabara zetu.

Leo mchana narudi kutoka shamba la ujamaa nilikopeleka dawa, mbuzi akakatiza, nikafunga breki. Gari likasimama, lakini kuna kitu hakikusimama. Ndani ya mlango nilisikia maji yanacheza, kama dafu ukilitikisa.

Mlango wa gari una uwazi ndani yake. Mvua ikiteleza kwenye kioo huingia humo, na chini ya kila mlango kuna vitundu vya kuitoa. Nikapiga magoti, nikapapasa. Vitundu vyote vimezibwa. Ndiyo maana maji yalijaa mlangoni, yakafurika ndani, yakaishia kwenye zulia. Nikachokoa kwa ukucha, ikatoka pamba iliyosokotwa vizuri, na harufu yake ikanifikia kabla sijaitazama. Sifa.

Si sifa za kusifiwa. Ni yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Na nyumbani kwangu anayeshika sifa na pamba ni mtu mmoja tu.

Baba Mkwe amekalafati vyombo vya watu maisha yake yote, Chole na Jibondo, kila upenyo kati ya ubao na ubao akiushindilia pamba mpaka maji yakate tamaa. Tangu macho yake yafifie hakuna anayemletea kazi. Anakaa barazani kwetu, mikono mapajani. Mwanzoni mwa masika nililalamika wakati wa kula kwamba watu wanaingia garini na miguu mibichi, zulia linalowa. Yeye alishika neno moja tu, kulowa. Bila shaka alisubiri nilale mchana, akapapasa chini ya gari, akakuta matundu, akanihurumia. Chombo chenye matundu chini, fundi gani angekiacha vile?

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hakuwa akinila. Alikuwa akinilinda.

Sikujua la kufanya. Nikizitoa pamba kimyakimya, atapapasa tena na kuzirudishia. Nikimwambia, namwambiaje? Ni mkwe, na mkwe mtu humuogopa hata akikosea. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na wa kumvua ni mimi. Tena hii ndiyo kazi pekee iliyopita mikononi mwake tangu macho yamkatae. Nililizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baada ya Alasiri nikaenda barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza, habari ya ngama. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika yakingoja kukumbwa, yaani kuchotwa na kumwagwa nje. Akaeleza kwa raha kabisa. Hata ukikalafati vipi, alisema, chombo hakikosi ngama, maana maji ya juu huyazuii. Dawa yake ni mkumbaji asiyelala.

Nikavuta pumzi. "Mlango wa gari nao una ngama yake, Baba. Ila mkumbaji hana. Yale matundu ya chini ndiyo yanayokumba."

Akapapasa ukingo wa baraza kama anayetafuta tundu.

"Kumbe nimemziba mkumbaji," akasema.

Akainuka, nikamwongoza mpaka kwenye gari.

Akaomba kitu chembamba, nikampa spoku ya baiskeli. Nilitaka kuingia chini mimi, akanisukuma kwa kiwiko, akalala chali kwenye matope na msuli wake. Akapapasa tundu moja moja, akachokoa pamba yake mwenyewe, na maji yakamwagika yakamlowesha kifua chote. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama Mkwe afariki. Kisha akanyanyua kipande cha pamba akanionyesha, amekaza uso.

"Lakini umeona nilivyoishindilia? Haikupitisha hata tone."

Nikamwambia kweli, haikupitisha. Wala sikumdanganya. Kazi ilikuwa safi, ilikosea chombo tu. Nimefurahi, na humo humo nimeumia, kwa sababu mikono ile bado inajua kila kitu na hakuna anayeiita. Kesho kutwa nikivuka kwenda Chole nitawauliza wenye mashua kama hawana haja ya mtu wa kuwasokotea pamba. Kusokota hakutaki macho.

Mwanahawa amelitundika zulia juu ya moto wa jikoni. Asubuhi Sista atalikanyaga kavu, na namjua, ataniuliza nani kalitengeneza gari. Nitamtaja Baba Mkwe, na itakuwa kweli tupu.

Akiniuliza nani aliliharibu, nitasema mvua, Mungu anisamehe.