Nimepakatwa kwa Niaba ya Binti Yako

Misiera, Nakivale
Isingiro, Uganda
Tarehe 16 Januari 2022

Mpendwa mwanangu Pacifique,

Kabla ya yote nawasalimu wote watatu, wewe, mke wako Eliane na huyo binti yetu mdogo. Mu wazima? Kifua cha Eliane kimeachilia? Na lile joto la Adelaide, mnalosema mwezi wa kwanza linapika yai juu ya gari, limewaacha mnapumua? Sisi huku Mungu anatushika. Maharagwe tumeng'oa, mahindi yamesimama, mvua haikutudanganya. Mimi mwenyewe nina afya nyingi mno, hata muuguzi wa zahanati aliniomba nisiwe napita pale ovyo, nawavunja moyo wagonjwa.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yetu hii ikifika kwenye neno tamu inakatika, na bando linaisha bado tunaulizana habari ya kuamka. Karatasi haina bando. Shangazi yako Capitoline atanipelekea barua posta kule Mbarara.

Kwanza nikupe pole ya safari. Siku ile ya Desemba uliponiambia ndege imefutwa, ulikohoa kidogo. Usifikiri sikusikia. Marehemu kaka yangu Adolphe, baba yako, alikuwa anakohoa hivyo hivyo akitaka kulia mbele ya watu. Basi pole, mwanangu. Na sisi tulikohoa huku.

Watu wa Misiera walikuwa wamejipanga. Niliwaambia kwamba rubani ni mtu wako, na kwamba akifika juu ya ziwa atainamisha bawa atusalimu. Kwa hiyo siku yenu ya kufika ilipotimia, watu walisimama uwanjani wakiangalia juu, kwa sababu habari ya kufutwa nilikuwa sijapata nguvu ya kuitangaza. Na kweli ndege ikapita, juu sana, kama sindano. Jirani yetu Rénovat, yule Mrundi kinyozi, akaniuliza, "Modeste, mbona haikuinama?" Nikamjibu, "Imeinama. Macho yako ndiyo yamezoea vichwa tu." Watu wakapiga makofi. Sasa uone jina lako lilivyo kubwa huku, hata ndege ambayo haikukubeba imepigiwa makofi.

Lakini hasira ninayo. Korona hii imetuchezea. Mwaka juzi walifunga huku, boda boda hazikubeba mtu, nikaenda Mbarara kwa baiskeli na mkungu wa ndizi nyuma na kurudi kabla chai haijapoa. Mwaka jana, huku wakafunga mara ya pili, na huko kwenu serikali ikazidi kukataza watu wasitoke nchini kama vile wote mmeshtakiwa. Wakafungua. Tukasema haleluya. Haleluya haijafika kwenye amina, ikaingia korona nyingine yenye jina jipya, ndege zikafutwa, na zile zilizobaki zikapanda bei kama zinakwenda mwezini. Tena kupimwa pua kabla ya kupanda, kupimwa pua baada ya kushuka! Mimi walinipima mara moja. Kile kijiti kiliingia mpaka nikakumbuka majina ya walimu wangu wote, na unajua sikuwa nao wengi.

Uliponitajia bei mpya nikasema moyoni, huyu mtoto wanamuonea, yuko ugenini, hajui kupatana. Nikavaa koti, nikamchukua jogoo wangu mwekundu, nikaenda Mbarara kwenye ofisi ya tiketi. Pale nilimkuta kijana mmoja anaitwa Musoni, mpole, amevaa tai. Nikamwambia nimekuja kununua safari ya watu watatu kutoka Australia mpaka Entebbe, aseme bei yake ya mwisho.

"Mzee, hii siyo matooke ya sokoni," akaniambia. "Bei iko kwa kompyuta."

"Basi mwambie kompyuta niko hapa mimi Modeste wa Misiera."

Akaandika kweli! Akangoja, akaangalia. "Mzee, kompyuta imesikia wewe, lakini imepandisha tena."

Nikasema sawa, apunguze kiti cha mtoto, mtoto atapakatwa na mama yake. Akauliza ana umri gani. Nikamwambia. Akasema sasa hivi anapakatwa, lakini akitimiza miaka miwili lazima alipe kiti chake mwenyewe, na mwezi wa sita anapoitimiza si mbali. Mimi nimetembea dunia, Pacifique, lakini sikuwahi kusikia kwamba hata mapaja ya mama yana tarehe ya kufungwa. Jogoo nilimwachia Musoni. Alikataa, lakini jogoo mwenyewe akakataa kurudi.

Sasa niingie kwenye kiini cha barua.

Desturi ya nyumba yetu unaijua. Jina la karatasi wazazi wanatoa, na hilo la Zoe mmetoa vizuri. Lakini jina la ukoo linatoka kwa mwanamke mkubwa wa nyumba, naye halitoi mpaka amempakata mtoto. Mwanamke mkubwa ni mama yangu, bibi yako Perpétue. Tangu mnaleta picha ya kwanza ya binti yenu, Mama alisema jina lipo, analo, ameliweka. Tukamwambia alitaje kwenye simu, wewe usikie. Akakataa kabisa. "Mutoto hapewi jina mu simu," alisema. "Nikimupatia mu simu, jina itabaki mu simu."

Jambo ambalo simu ilikuwa haina nafasi yake ni hili. Tangu mvua za mwezi wa kumi, Mama anasahau. Ilianza na chumvi, anatia mara mbili, tunakula tunanyamaza. Halafu akaanza kuniita Adolphe. Nikaitika, kwa sababu nani atakataa kuitwa kwa jina la kaka yake? Halafu siku moja alimuuliza mke wangu Bénédicte, "Weye ni mutoto wa nani?" Bénédicte amempikia miaka yote hii. Alimjibu vizuri, kisha akaenda nyuma ya nyumba na akakawia huko.

Hapo tukaelewa wote. Jina la binti yako lilikuwa kwenye kichwa kimoja tu, na kichwa chenyewe kinavuja. Tulimwomba alitaje tu pembeni, hata kwa Bénédicte peke yake, lisije likapotea. Akatuambia tunataka kumzika mapema. Na ninyi ndege hakuna, na bei hiyo, na mwezi wa sita unakuja. Mimi ambaye sahani yangu hairudi na kitu, niliirudisha ugali ukiwa nusu. Bénédicte akanigusa paji la uso, akidhani nina homa.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mama akaamka kichwa kikiwa safi kama zamani. Akaniita kwa jina langu. Akauliza, "Pacifique na mutoto yake bako njiani?"

Nikasema hapana, Mama, korona imefunga njia, na pale ilipoachia, bei imefunga.

Akafikiri. "Kule kwetu, Ruzizi ikijaa, mutoto akiwa ngambo, tulikuwa tunafanya namna gani?"

Mimi nilitaka kujibu kitu lakini akaninyamazisha kwa mkono. "Tulikuwa tunapakata mutu ya damu yake, mu fasi yake. Damu ya karibu ni ya nani hapa?"

Wote wakaniangalia. Mwanangu, baba yako hayupo, wadogo zake wengine hawapo. Binti yako ana ndugu mmoja tu wa karibu hapa Nakivale, na ndugu huyo ana kilo zake.

Nikasema nitakaa, ni heshima. Mama akasema, "Mutoto haana sharubu."

Unazikumbuka sharubu zangu. Polisi wa kizuizi cha barabara wakiziona walikuwa wananipigia saluti, na kuna mwanamke wa Kabingo aliwahi kukosa njia kwa kuziangalia. Nikasema labda tuzifunike na kitambaa. Bénédicte akasema, "Baba Parfait, weye na sharubu yako, na mutoto wa kaka yako, tuchague nini?" Rénovat alikuwa amekwisha kimbia kuleta wembe. Alinyoa pole pole, na furaha yake haikuwa ya Kikristo. "Sasa Zoe, usitikisike," alikuwa anasema. "Mtoto mzuri. Mtoto mwenye adabu."

Wakaniosha uso, wakanipaka mafuta, wakaleta kitenge cha Bénédicte wanifunge. Kimoja hakikutosha, kikaletwa cha pili, ni kwa sababu ya mabega. Majirani wakajaa uani, Wakongomani na Warundi. Mama alikaa kwenye kiti cha mbao, miguu yake kama fimbo mbili, nikaona nikikaa kweli nitamvunja. Kwa hiyo nilichuchumaa juu ya visigino, nikagusa mapaja yake kama inzi anavyogusa maziwa. Hakuna mwanaume mwingine wa kambi hii angeweza. Magoti yalitetemeka lakini uso ulikaa kitoto.

"Alie kidogo!" Rénovat akapiga kelele. "Mtoto asiyelia si mzima!"

Mama akaweka mkono kichwani pangu. Mkono ule ni mwepesi sasa, Pacifique, kama jani la mahindi. Akanipulizia paji la uso. Akaniangalia muda mrefu, na sijui alimwona nani, ila najua hakuniona mimi. Watu waliokuwa wanacheka wakaacha.

Akasema, "Nyiramana. Umekuja mu nyumba yako, Nyiramana."

Watu wakalirudia kwa pamoja, Nyiramana, Nyiramana. Hapo ndipo nililia kama desturi inavyotaka. Nililia vizuri sana, mpaka watu wa Base Camp wakauliza nani amejifungua. Bénédicte anasema nilikuwa nalia kweli. Bénédicte hajui namna watoto wachanga wanalia, amesahau, wetu ni wakubwa.

Nyiramana ni mama yake Mama. Wewe hukumuona. Mimi nilimuona nikiwa mdogo kama mwanangu Parfait alipoanza shule. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa hivi: akiita ng'ombe wake, ng'ombe wa vijiji vitatu walikuwa wanakuja pia, na wenye ng'ombe hao walikuja jioni kuwachukua wakiwa wanaomba radhi. Hakuwahi kugombana na mtu, kwa sababu hakuna aliyethubutu. Mama alilitunza jina lile miaka yote hiyo, akaruka watoto wake mwenyewe, akaruka binti yangu Doriane, akasema anangoja mtoto wa kwanza wa mjukuu wake wa kwanza. Ni huyo wa kwako.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea uji. Akaniangalia mdomo, akauliza sharubu zimekwenda wapi. Nikamwambia nilinyolewa kwa ajili ya mtoto wa Pacifique kupewa jina. Akauliza, "Jina gani?" Nikamtajia. Akatabasamu, akasema, "Jina ile ni muzuri mingi. Nani alimupatia?"

Nikamwambia, ni wewe, Mama.

Alifurahi! Alifurahi kama ndiyo kwanza anapewa zawadi. Tangu siku hiyo kila asubuhi anauliza, na kila asubuhi tunamwambia, na hachoki kufurahi. Doriane anakimbia kutoka kitandani ili awe yeye wa kumjibu.

Sasa nisikilize, mwanangu, hapa naongea kama baba. Usiuze gari. Usiongeze kazi nyingine juu ya zile za usiku. Ulisema mtakopa tiketi ili mfike kabla ya mwezi wa sita, acha. Mlikuwa mnakimbiza jina, na jina limekwisha fika, halikupimwa pua wala halikulipa kiti. Bei ikishuka, mje. Mtamkuta Mama au hamtamkuta, hilo ni la Mungu. Mkimkuta, huenda asimjue mtoto, lakini mtoto atajitaja, na bibi yako atauliza jina zuri hilo nani alilitoa, na mtoto mwenyewe atamwambia.

Ila kuna kazi moja imebaki, na hiyo siwezi kuifanya mimi hata kwa vitenge vitatu. Barua hii ikifika, funga televisheni. Oga. Kaa kwenye kiti, mpakate binti yako, mpulizie paji la uso, umwite Nyiramana sikioni, taratibu, wa kwanza kumwita huko awe wewe. Halafu Eliane. Mtoto akigeuka kukuangalia, nieleze aligeukaje, Mama nitamsomea.

Bénédicte anamsalimu sana Eliane, anasema asali ya Adelaide ile mliyotuma mwaka juzi bado tunaificha wageni wakija. Parfait anakusalimu, amerudi shuleni wiki iliyopita baada ya shule kufungwa karibu miaka miwili, amerefuka kuliko dawati. Doriane anakusalimu. Shangazi Capitoline wa Mbarara anakusalimu, na Rénovat anamsalimu "Zoe" akicheka, mtajua ninyi wenyewe mumjibu nini. Sharubu zinarudi, kwa taarifa yako, na zinarudi nzito zaidi.

Aliyetuvusha Ruzizi tukiwa tumebebana awafunike huko mliko, kazini na kitandani, na awafungulie njia ya kuja bila bei ya kuumiza.

Mimi nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika, baba yako mdogo,

Modeste