Mchumba Wangu Alimripoti Kaka Yangu kwenye Gemu

Mpendwa Mama Nakhumicha, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo nitakalojutia, maana mwezi ujao ni koito yetu, ile siku ambayo wakwe wanakuja nyumbani kwa kina msichana kupatana mahari, na mimi badala ya kufikiria nguo na chakula nashinda dukani nikiwapimia wateja mbegu na kujiuliza kama mwanamume ninayetaka kuolewa naye ni mtu wa kuuza watu.

Mimi nauza katika agroveti moja hapa Kitale na nyumbani kwetu ni kijijini, eneo liitwalo Kwanza, humu humu Trans-Nzoia. Mchumba wangu ni Wangila, mtu wa Bungoma, anafanya kazi huko katika ofisi ya utawala, ile inayopokea ripoti za machifu, na kazi yake ni kuziingiza kwenye kompyuta. Ni mtu mpole, haendi baa, anaimba besi katika kwaya ya kanisa lao, na mama yangu anampenda kunishinda mimi mwenyewe. Kasoro yake ni moja tu, gemu. Jumapili akija kunitembelea hubeba kompyuta yake ndogo, tukishakula anaifungua, na mwanzoni nilikuwa nakaa karibu naye kwa sababu gemu yenyewe ilinivutia, si ya mpira wala ya magari. Humo wewe ni afisa wa serikali, umekaa ofisini, unaletewa faili za raia, unasoma jumbe zao na kusikiliza simu zao, kisha unachagua mojawapo ya mambo matatu: kumripoti mtu, kunyamaza, au kumwonya. Ukinyamaza au ukionya watu wengi mno, wakubwa wako wanakushuku, na siku moja unarudi nyumbani kwenye gemu unakuta jamaa yako amechukuliwa. Wangila alijiwekea mke humo akampa jina langu, tukacheka sana siku hiyo. Nikicheza mimi nilikuwa nanyamazia kila faili, kwa sababu sipendi maneno, na yeye akicheza alikuwa anaripoti, mwalimu, mama anayepika pombe ya chang'aa, mchungaji, wote anaripoti, nikimuuliza hana huruma ananiambia, "Si ni kazi, Jerono, mtu anafanya tu kazi."

Sasa shida ni kaka yangu Kipkirui. Mwaka huu wakati wa kupanda alipiga picha za mbolea ya ruzuku ikishushwa kwenye ghala la mtu binafsi, na wakulima wenyewe wako kwenye foleni wameambiwa imeisha, akaziweka Facebook kwa jina la uongo, lakini kwetu hakuna jina la uongo, kila mtu alijua huo ni mdomo wa nani. Wiki haikuisha, wanaume wawili tusiowajua wakaja nyumbani na gari la Probox, hawana sare, hawana barua, wakamwuliza mama kwa upole kabisa, "Mama, tunatafuta Kipkirui," wakamtaja kwa majina yake yote matatu, ati wanataka tu kuongea naye. Kipkirui alitokea mlango wa nyuma akaingia vichakani, na tangu siku hiyo hajalala kwetu. Yuko Naitiri kwa rafiki yangu Linah na mumewe, anawasaidia kuvuna, na majirani wameambiwa ni kibarua kutoka Moi's Bridge.

Wangila hajui. Nilimwambia kaka yangu amekwenda Nairobi kutafuta kazi, na sikudanganya kwa ubaya, nilifikiria tu ile ofisi yake na zile ripoti anazoingiza kila siku, nikaona nisimtwishe mzigo. Lakini koito inakuja, na baba yetu alifariki, kwa hivyo Kipkirui ndiye anayefaa kuketi na wazee wa kwetu siku hiyo, asipoonekana itakuwa maswali, na akionekana itakuwa hatari, kwa sababu hata wazee watakaotoka Bungoma mmoja wao ni chifu mstaafu. Ndipo nikapata wazo ambalo sasa nalilaani. Jumapili moja Wangila alitoka kwenda kununua maziwa akaniachia gemu, na faili iliyofuata ilikuwa ya kijana aliyetoa siri za ghala la chakula, nikaona ni kama Mungu amenifungulia mlango, kwa sababu gemu hiyo inakuruhusu kubadilisha majina. Nikafuta jina la yule kijana nikaandika Kipkirui, nione Wangila atamfanya nini.

Wangila aliporudi akaona jina akacheka. "Ala! Ati shemeji pia ameingia humu? Halafu yeye amefanya nini bana?" Akaisoma faili yote, pole pole, kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Sasa nimfanye nini huyu?" Nikamwambia, "Si wewe ndiye serikali." Akajikuna kidevu, halafu, Mama Nakhumicha, akabonyeza ripoti. Niliangalia kile kidole chake. Nikamwambia, "Umemuuza kaka yangu." Akaniambia, "Jerono, ni gemu tu. Nikimficha huyu wanakuja kukuchukua wewe." Akaniomba nimwongezee chai, nami nikamwongezea, lakini macho yangu yalikuwa kwenye lile jina mpaka nikaimwaga kwenye sahani.

Tangu hapo sina amani. Akinisalimia nasikia kitu kingine. Ameniuliza mara mbili, "Shemeji yuko wapi siku hizi, mbona hapatikani?" na mimi najiuliza, anauliza kama shemeji au kama ofisi? Siku moja alipokuwa anaoga nikachukua simu yake, namba ya siri naijua, nikakuta amemwandikia mwenzake wa kazini anayeitwa Wekoye: "Jumamosi naenda Naitiri. Nikipata nitakupigia. Usimwambie Jerono." Naitiri! Nilimpigia Linah nikalia, akamficha Kipkirui ghalani Jumamosi nzima juu ya magunia, na hakuna mtu aliyekuja, lakini Jumapili Wangila akafika kwangu viatu vimejaa matope na mavi ya ng'ombe, anatabasamu peke yake, nilipomuuliza alikuwa wapi akasema, "Kazi za hapa na pale." Sasa kila akija nasoma simu yake, na sijaona lingine, na hilo ndilo linaniogopesha zaidi, kwamba labda ameshajua naisoma.

Nampenda, siwezi kudanganya. Lakini kaka yangu nina mmoja tu. Je, mtu anayeripoti kwenye gemu ataripoti pia nje ya gemu? Nivunje koito? Ama nimwambie ukweli nione? Naomba unijibu upesi, hata kula siwezi.

Ni mimi Dada Mwenye Wasiwasi, Kitale.

MAMA NAKHUMICHA ANAJIBU

Dada yangu, nianze na jambo ambalo lingekutoa jasho zaidi ya gemu yoyote. Majina yote uliyoyasoma hapo juu nimeyabadilisha, na miji pia, na kaka yako hayuko mahali gazeti linaposema yuko. Barua yako yenyewe nimeitia kwenye jiko la kuni nikaitazama mpaka ikaisha. Wewe, mchumba unayempikia kila Jumapili umemficha siri hii, halafu mimi, mwanamke usiyemjua hata sura, umeniandikia kijana anaitwa nani, analala kwa nani, na majirani wamedanganywa nini. Ningekuwa mimi ni mmoja wa wale wa Probox, kazi yangu ingeisha kabla chai haijapoa. Na jina la mtu anayetafutwa uliliandika kwenye kompyuta ya nani? Ya karani wa ofisi ya utawala! Kwa mkono wako! Nilipofika hapo niliweka miwani chini nikapumua.

Pole, sasa nimemaliza kufoka. Hofu yako si ya kijinga. Watu wasiojitambulisha wakija kumwuliza mwana wa mtu kwa majina matatu, mama yeyote hapa nchini anajua kwa nini moyo unaruka. Umembeba kaka yako miezi yote hii, unapima mbegu huku unatabasamu kwa wateja, na hakuna aliyekupokea mzigo hata kwa siku moja. Ungekuwa karibu ningekuandalia uji.

Lakini tuje kwa Wangila. Umeisikia sauti ya kidole chake, maneno yake yakakupita. Alikwambia nini? "Wanakuja kukuchukua wewe." Mke aliyejiwekea humo ndani anaitwa nani? Wewe mwenyewe ndiye uliyemletea mezani kaka yako upande mmoja na wewe upande wa pili, ukamwambia achague, bila kumwambia kwamba anachagua. Hata mimi ningejikuna kidevu. Wala usifurahi upesi, kwa sababu mtu anayemtoa shemeji ili amwokoe mke bado amemtoa shemeji, na ile "mtu anafanya tu kazi" yake siipendi hata kidogo. Hayo mtayazungumza kabla ng'ombe wa mahari hawajavuka mto Nzoia. Ila kidole cha mtu kwenye gemu si kiapo. Binti yangu huangamiza majeshi kwenye simu yake kila siku, na kuku wa Krismasi bado tunamwita jirani amchinje.

Na hiyo safari ya Jumamosi nisaidie kidogo. Mwanamume ana koito mwezi ujao, anakwenda upande wa watu wenye mifugo, anamwambia rafiki "nikipata nitakupigia," hataki bibi harusi ajue, anarudi na mavi ya ng'ombe kwenye viatu na kutabasamu peke yake. Dada, si alikwenda kutafuta ng'ombe wa mahari? Serikali gani inayotafuta watu zizini? Siapi kwamba ni hivyo, sikuwepo. Lakini wewe hilo halikukujia hata kwa bahati mbaya, na wewe ni mtoto wa Trans-Nzoia. Hofu ikishakaa kwenye kiti cha mbele, hata ng'ombe anageuka kachero.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Kwenye gemu ulimwona Wangila anasoma jumbe za watu wasiojua kwamba zinasomwa, ukamwona hana huruma. Leo nani anachukua simu ya mwenzake akiwa anaoga? Nani amefungua faili, anahesabu maswali yake, anakagua viatu vyake? Na usipoona kitu unasema ndiyo dalili mbaya zaidi. Hivyo ndivyo wale wakubwa wa kwenye gemu wanavyofikiri. Umemwekea huyu kijana serikali nzima nyumbani kwako, na anakuja nayo kula ugali.

Fanya hivi. Kwanza uache hiyo simu, kuanzia leo. Pili, nenda ukamwone kaka yako, usimpigie, na umwulize kama anataka Wangila ajue. Shingo ni yake. Akisema hapana, ni hapana, usimbembeleze, na koito isogezwe. Waambie wazee familia haiko tayari, watanung'unika na watarudi, ng'ombe si maziwa, hawachachi. Akisema ndiyo, vyema. Vyovyote atakavyosema, atafutiwe wakili wiki hii. Yapo mashirika ya haki za binadamu yanayosaidia bila malipo. Wakili ndiye aulize kama kuna kesi yoyote na wale watu wawili ni kina nani, na picha za mbolea nakala zikae kwake. Kijana aliyesema ukweli hawezi kuzeeka juu ya magunia ya mahindi ya watu.

Tatu, kaka yako akikubali, ukae na Wangila mchana, kompyuta imefungwa. Gemu yenu ilikuwa na njia tatu, na wewe ukachukua kunyamazia kila faili. Umenyamaza na huku nje pia, miezi yote hii, na unaona mambo yalikofika. Safari hii uongee. Ila usianze na Kipkirui. Anza na simu. Mwambie, "Nimekuwa nikisoma jumbe zako." Kisha funga mdomo umtazame. Anaweza kukasirika, ana haki hiyo. Anaweza kuondoka. Lakini ikiwa atakasirika halafu akaketi tena, akakuuliza ni nini kilichokutisha hivyo, huyo unaweza kumwambia kaka yako yuko wapi. Akisimama kwanza akaanza kuuliza "Kipkirui yuko wapi" kabla hajauliza "Jerono una nini", basi umepata jibu, na koito uivunje.

Na akikuuliza kwa nini ulimchunguza, usisingizie gemu.