Nimepewa Kugawa Maji

Kathini, usiniwekee kiti kwa darasa la ngumbaru jioni hii. Siji.

Wamenitoa kwa mbio. Zile mbio za hisani za wodi ya watoto. Wamenitoa!

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa amesema mbele ya watu wote, "Mama Musyimi, nafasi yako tumempa binti ya pasta. Wewe utagawa maji."

Nikamuuliza, "Huyo amefanya mazoezi lini?"

"Mama, hizi mbio zitapigwa picha. Uzee na mbio wapi na wapi?"

Wakacheka. Hata wamama wa maombi, Kathini. Wale ninaofunga nao kila Ijumaa!

Miezi yote hiyo nakimbia barabara ya Tulia kabla ya jua, watu wakiniuliza nani amefariki. Nilianza shule nikiwa na wajukuu na sikuchekwa hivyo.

Kugawa maji!

Halafu huyo huyo mwenyekiti akaniambia, "Mama, wewe ni mtu wa maombi. Tufungie mkutano."

Nikasimama. Wote wakafumba macho. Nikachukua kibeti changu nikatoka, nikawaacha wameinamisha vichwa, wakingoja.