Skrubu ya Kitanda cha Mtoto

Mwanangu,

Nimekwenda hospitali kumchukua mkeo na mtoto. Tutarejea saa kumi. Kitanda kiwe kimesimama.

Skrubu uliyoifuata dukani haitaingia kabla ile ya mguu wa nyuma haijatoka. Nimehangaika nayo saa nzima. Kichwa kimelika, bisibisi inazunguka bure. ~~Haya ndiyo matunda ya haraka zako.~~ Nimefuta, kwa kuwa si kweli. Alfajiri niliikaza kwa bisibisi bapa ya marehemu baba yako, ilhali kichwa cha skrubu ni cha nyota. Ulipouliza ni nani aliyeigusa, nilikujibu mbele ya dada yako, "Muulize fundi aliyenunua kitanda cha vipande." Ukatoka bila kunywa chai.

Weka mpira mpana wa kufungia vitu juu ya kichwa cha skrubu, kandamiza bisibisi juu yake kwa nguvu zote, kisha zungusha polepole kuelekea kushoto. Ikikataa, ishike kwa koleo. Ikikataa tena, mtoto atalala kifuani pangu, nami nitamweleza mama yake ni nani aliyekiharibu kitanda.

Chai imo katika chupa. Kunywa kwanza.

Mama yako, na tangu juzi, Bibi