Khamala wa Kwenye Kompyuta Amekufa kwa Kukosa Sabuni

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
15 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Nasipwondi,

Mulembe. Kifua chako kimetulia sasa, ama bado kinakusumbua asubuhi? Na yule ng'ombe alizaa? Sisi huku tuko, Mungu anatuweka. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Rachael mjukuu wetu alitaka kuniandikia nikakataa. Darasa la tatu la zamani si kama la siku hizi.

Ule mguu niliokwambia kwa simu umepona, haukuwa umepona. Bati lilinikata pale ninapotengenezea masanduku, steji ya Kawangware 56. Nikapaka grisi, nikafunga kitambaa, nikaendelea kugonga. Unanijua. Tangu nije Nairobi sijawahi kulala hospitali, na fundi wa masanduku wa kunishinda hapa hajazaliwa. Rachael alikuwa anatoka Kibera kuja kunibembeleza twende kliniki, nami namwambia apike chai.

Basi akawa anakaa hapa na kompyuta yake. Dada, kuna mchezo humo ndani, watu wafupi wenye ndevu wamechimba mlima wanaishi ndani kama mchwa. Wewe unawapangia kazi, wao wanalima, wanachinja, wanafua chuma. Hata sabuni wanatengeneza. Wanachoma kuni, majivu wanayachuja na maji, halafu yale maji wanachemsha na mafuta ya mnyama. Hapo nikacheka. Maji ya majivu mama alikuwa anachuja ya maganda ya maharagwe, analainisha mboga. Kompyuta inifundishe nini?

Kisha nikaona fundi wao wa chuma amepewa jina Khamala. Nilishtuka hadi chai ikamwagika. Kwetu jina la mzee mtoto anapewa mzee akishalala kaburini. Nikamuuliza, "Wewe, nani alikwambia nimekufa?"

Mjukuu akajibu, "Kuka, nilitaka tu awe fundi mkali kama babu yangu."

Hapo hakusema uongo.

Sasa sikia. Walikuwa wamechinja, mafuta ni mengi, Rachael anataka yapelekwe kwa sabuni. Nikakataa kabisa. Watu wanavunja mawe mchana kutwa, mafuta yao unawaogeshea? Nikasema yapelekwe jikoni. "Sawa kuka, ni watu wako." Wakala, wakafurahi, nami nikajisifu.

Haukupita muda wakavamiwa na majitu mabaya. Khamala akakatwa mguuni, chini ya goti, hapa hapa pangu. Walimbeba hadi hospitali yao, daktari akamshona, akamfunga, lakini sabuni ya kuosha kidonda haikuwepo. Mafuta yameliwa. Kidonda kikaoza. Nikamwambia Rachael achinjishe mbuzi haraka. Akachinjisha, lakini kuni za majivu zilikuwa bado zinachomwa. Khamala akafia kitandani. Ikaandikwa pale kwa Kizungu, lakini jina langu nalijua kwa lugha yoyote.

Nasipwondi, mguu wangu ulikuwa unanuka, na mimi nilikuwa najifanya sisikii. Rachael hakunicheka. Alifunga kompyuta, akaanza kutafuta viatu vyangu, nami sikumzuia.

Kliniki ya Riruta, nesi alifungua kitambaa, akamwangalia Rachael, akaniuliza, "Mzee, hii ni grisi?" Nikamwambia ndiyo, na ni grisi nzuri. Akaosha kwa sabuni na maji hadi nikaona nyama yangu mwenyewe. Akasema ningekaa kidogo tu, wangeukata. Waukate mguu, dada. Sikulia. Rachael akikwambia vingine usimwamini.

Sasa napona kweli, si kule kupona kwa simu. Naosha kila siku, na kile kipande cha sabuni hakuna mtu anakigusa humu ndani.

Nisalimie Timothy mwanao na nyumba yake yote. Naftaly jirani mwambie sanduku lake litakuja, fundi alikuwa mgonjwa. Mungu akufunike, akuwekee pumzi kifuani hadi tuonane.

Rachael ameanzisha mlima mwingine. Nimempangia sabuni kwanza, kabla hata ya kulima. Aliniuliza fundi wa chuma amwite nani. Nikamwambia achague lolote, lakini Khamala aliache, mwenyewe bado analitumia.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Boaz Khamala